Chai ya Shina Moja

Mwanamke aliyefika kwenye kaunta ya leseni asubuhi ile alikuwa amelowa mpaka kwenye mikunjo ya kitenge, na hakutaka kiti.

"Nimekuja mnifungie duka," alisema.

Subilaga Mwaipaja, mkaguzi wa biashara wa Halmashauri ya Mji wa Ikombela, aliinua macho. "Duka lako, mama?"

"Langu ningelifunga mwenyewe. Ni duka ninalonunua. La Gwakisa, pale chini ya kiwanda cha chai. Anauza majani ya shina moja, na mimi ni mteja wake."

Watu wengi walikuwa wamesimama mbele ya kaunta ile kulalamika: duka liko karibu mno na shule, harufu inaingia kanisani, biskuti za mafuta ya bangi zimefungwa kwenye karatasi zenye katuni kama pipi za watoto. Lakini hakuna aliyewahi kuja kujishtaki.

"Unajua nikimkuta nayo nitalifunga kweli?"

"Ndiyo maana nimekuja." Mwanamke alifuta maji usoni kwa kiganja. "Naitwa Sekela. Wenyewe wananiita Mama Tumpe. Ila usilifunge kabla hujamwona mwanangu."

"Mwanao yuko wapi?"

"Alikufa na kijiji," alisema Sekela. "Njoo umwone."

*

Ikombela ulikuwa mji wa ukungu. Ukungu ulishuka mlimani asubuhi, ukakaa barabarani kama mgeni asiye na haraka, na ulipoinuka uliacha kila kitu kikiwa laini kidogo kuliko jana. Kwenye miteremko ambako zamani kulikuwa na chai tupu, sasa bangi ilisimama mistari kwa mistari, mimea mirefu kupita vichwa vya watu. Ilitengenezewa magunia, mashati, sabuni, hata matofali ya kuta. Kwa hayo halmashauri haikuwa na shida: ilitoa leseni, ikakagua maduka, ikapanga nani auze wapi na nani asiuziwe.

Iliyoleta shida ilikuwa bangi ya ndoto.

Ilioteshwa kwanza kwenye kituo cha utafiti, kwa ajili ya watu walionusurika majanga na wasioweza tena kulala. Haikulevya. Kikombe kimoja cha chai yake kilimlaza mtu usingizi mwepesi, na ndani ya usingizi huo ndoto ilikuwa wazi kama mchana. Kisha ikagundulika jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Kila shina lilikuwa na mpigo wake, na ubongo wa mnywaji uliufuata mpigo huo kama wachezaji wanavyoifuata ngoma. Wawili waliokunywa majani ya shina moja walikutana katika ndoto moja.

Mwanzoni watu walishukuru. Wachumba waliotengana walikutana, na wafanyakazi wa mbali wakarudi nyumbani kila Jumapili bila nauli. Halafu mume na mke wa pale mjini wakafikishana baraza la kata wakigombania utoto: kila mmoja akiapa kwamba ni yeye aliyeanguka kwenye mpera akavunjika mkono. Madaktari wakaeleza. Katika ndoto ya pamoja, kumbukumbu za watu juu ya kitu kimoja humwagwa kwenye sufuria moja, zikakorogwa, na kila mtu huamka na sehemu yake ya mchanganyiko, akidhani ni ile aliyokuja nayo.

Ndipo madiwani wakapitisha sheria ndogo. Kila muuzaji achanganye majani ya mashina mengi, ili kila kikombe kiwe na ndoto yake na kila mtu aote peke yake.

*

Duka la Gwakisa lilinukia sabuni na majani mabichi. Mbele kulikuwa na bidhaa halali tupu: mashati, kamba, mafuta ya kuchua viungo, pakiti za chai zenye muhuri wa halmashauri. Gwakisa alikuwa mwanamume mwembamba aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha utafiti kabla hakijahamishwa. Alipowaona wanawake wawili wakiingia pamoja, aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia kaunta.

"Mama Tumpe," alisema taratibu. "Umemleta."

"Nimemleta."

Subilaga aliingiza kalamu ya kupimia kwenye debe lililokuwa nyuma ya kaunta. Majani yaliyochanganywa huifanya kalamu iwake rangi nyingi zinazokimbizana. Safari hii iliwaka kijani kimoja tu, kilichotulia kama maji ya bwawa.

"Shina moja," alisema.

"Lilikuwa uani kwa mama yangu, kule Ndulilo. Mlima uliposhuka, ni hilo tu lililobaki limesimama. Naliotesha upya kwa vipandikizi." Gwakisa hakujitetea zaidi. Alivuta pazia la chumba cha nyuma. "Waangalie kwanza. Kisha ufanye kazi yako, dada."

Ndulilo lilikuwa jina ambalo kila mtu wa Ikombela alilijua. Mwaka ule wa mvua kubwa mlima ulilegea ukakilaza kijiji kizima chini yake, na walionusurika ni wale waliokuwa mnadani siku hiyo, pamoja na wachache waliofukuliwa.

Hao ndio waliolala kwenye mikeka, mchana ule, mvua ikitwanga bati. Walipumua pamoja. Mara nyuso zao zote zilitabasamu kwa wakati mmoja, kana kwamba mtu fulani alikuwa amepita akawasalimia. Chini ya mablanketi miguu yao ilikuwa ikitembea polepole, ikipanda mahali. Kwenye mkeka wa karibu na ukuta alilala mzee ambaye blanketi lake lilikuwa bapa kuanzia magotini. Naye mabega yake yalikwenda huku na huku, kwa mwendo wa mtu anayepanda kilima bila kuchoka.

Subilaga alijikuta amepunguza sauti ya pumzi zake.

Walipoamka, walimwona na kitambulisho chake kifuani, wakaelewa. Mzee yule ndiye aliyeongea kwanza. Waliokuwa karibu walimwita Baba Anyosisye.

"Afisa, mimi kule natembea," alisema, bila kulalamika, kama anayemweleza mtu jina la mtaa anaoishi.

"Na mimi kule namwona mwanangu," alisema Sekela kutoka mlangoni. "Ila kila nikienda narudi naye akiwa amepungua. Siku hizi Tumpe anacheka kicheko cha dada yake Gwakisa. Nikiwa macho, nikijaribu kukumbuka kicheko chake mwenyewe, nasikia hicho hicho. Mmenipokonya kicheko chake, na mkiendelea mtachukua na sura."

Gwakisa alitazama chini. Dada yake alikuwa amefukiwa katika nyumba iliyopakana na ya Sekela.

"Si uache kuja, Mama Tumpe?" aliuliza mwanamke mmoja kwa upole.

"Niache, ninyi mbaki naye? Mkae na mwanangu, mimi nikiwa nje?"

Subilaga aligusa mkanda wa kufungia maduka uliokuwa mkobani mwake. Sheria ilikuwa wazi. Lakini aliiona miguu ile ikitembea chini ya mablanketi, na mkono wake haukutoka na kitu.

*

Mkuu wake, Bwana Kihwele, alimsikiliza huku akizungusha miwani yake mezani.

"Diwani wa kata ile ameshanipigia," alisema. "Watu wa Ndulilo wanataka kibali maalum. Wanasema wamepata njia ya kuota bila kuchafua kumbukumbu. Mtoto yule akipita ndotoni, wote wanageuza nyuso wasimtazame, abaki mama yake peke yake anayemwona. Kama inafanya kazi, tutawapa. Kama haifanyi kazi, funga."

"Tutajuaje, mzee? Kalamu haipimi sura ya mtoto."

"Anahitajika mtu ambaye hakumjua kabisa. Atakayoyaona yatatoka kwa wengine, yeye hataongeza lake." Kihwele alivaa miwani. "Wewe si mtu wa Ndulilo."

*

Mara ya kwanza walilala wawili tu, Subilaga na Sekela, ili mkaguzi amwone mtoto kama alivyokuwa kwa mama yake.

Chai ilikuwa na ladha ya nyasi na moshi kidogo. Subilaga alisikia mvua ikisogea mbali, mbali zaidi, kisha ikawa mvua ya mahali pengine. Ilikuja harufu ya udongo mwekundu uliotoka kunyeshewa. Akawa amesimama uani.

Ulikuwa ua kamili hadi kwenye kijiwe cha mwisho. Aliona kinu chenye ufa, kamba ya kuanikia iliyofungwa fundo mara mbili, kuku aliyelalia upande mmoja. Lakini nyumba ya jirani ilikuwa mlango tu, na nyuma yake hakukuwa na kitu. Mlima haukuwa na kilele, kwa maana Sekela hakuwa mtu wa kutazama juu. Njia ya mtoni ilishuka hatua chache ikayeyuka katika weupe.

Katika weupe huo akatokea msichana na ndoo iliyokuwa kubwa kuliko yeye.

Masikio yalikuwa yamechomoza. Unyusi wa kushoto ulikatwa na kovu jembamba, jino la mbele lilikuwa limeota nusu, na vidole vya miguu vilitazamana alipotembea. Alitua ndoo, akamtazama Subilaga moja kwa moja.

"Shikamoo."

"Marahaba," Subilaga alijibu. Alikuwa amekuja kupima. Hakuwa amejiandaa kusalimiwa.

Tumpe akacheka. Kilikuwa kicheko kizito, cha mwanamke mzima, kikitoka kwenye kifua kile kidogo. Sekela, aliyekuwa ameinama kumfunga kanga, alifumba macho mpaka kicheko kilipoisha.

*

Siku iliyofuata walilala wote.

Safari hii kijiji kilikuja chote. Milango ilipata nyumba nyuma yake, na nyumba zilipata moshi. Mlima ulirudishiwa kilele, na juu yake jua lilikaa bila kusogea. Kulikuwa na gulio, na kengele ya kanisa iliyolia bila kutangaza saa yoyote. Watu walipita wakisalimiana kwa sauti zinazoelea, na salamu moja ilichukua muda wa kutembea njia nzima. Mbele yao wote alikuwa Baba Anyosisye, akipanda kilima kwa hatua ndefu, mikono ikining'inia ovyo kwa raha. Alimpita Subilaga akasema, "Unaona, mwanangu?" Subilaga alisema anaona, na hakutaka mzee aamke.

Kisha mtu akanong'ona, "Anakuja."

Kijiji kizima kikageuka. Wauzaji waliacha meza zao wakaelekea ukutani. Wanawake waliweka vipaji vya nyuso kwenye udongo wa nyumba, wanaume wakafunika macho kwa kofia. Baba Anyosisye alisimama katikati ya kilima akakipa kijiji mgongo. Hakuna aliyekohoa. Msichana alipita kati ya migongo ile yote na ndoo yake, kama maji yanavyopita kati ya mawe, na mama yake pekee ndiye aliyesimama akimtazama, mikono ameinyoosha.

Subilaga alimsogelea. Alikuwa na haki ya kutazama, akatazama.

Unyusi wa kushoto ulikuwa mzima. Masikio yalilala vizuri kichwani. Meno yote yalikuwa yameota, sawasawa, na miguu ilikanyaga imenyooka. Alikuwa mzuri kuliko jana. Alikuwa mtoto ambaye kijiji kizima kilimpenda, asiye na alama yoyote mwilini.

*

Waliamka wote kwa pamoja. Hakuna aliyejinyoosha. Walikaa kwenye mikeka wakimtazama mkaguzi, na Sekela aliyekuwa jirani yake alimshika kiwiko.

"Ni yule yule?"

"Hatukutazama, afisa," alisema Baba Anyosisye haraka. "Hata mmoja wetu. Unaweza kutuapisha."

"Najua, baba. Niliwaona."

"Basi sema ni yule yule."

Neno hilo lilikuwa jepesi. Subilaga alilihisi likiwa tayari kinywani. Hakukuwa na kipimo cha kulipinga, wala shahidi mwingine hapa duniani. Kihwele angetia saini kabla ya jua kuzama, mzee angeendelea kupanda kilima chake kila mchana, na Sekela angeendelea kunyoosha mikono. Alimtazama Sekela, akaona kitu kilichomtisha. Mwanamke aliyekuja kaunta kudai duka lifungwe, sasa macho yake yalikuwa yanaomba jibu lingine. Ndoto ya leo ilikuwa imemtuliza. Hakuwa ameona tofauti. Na kwa sababu hakuwa ameona, kesho asingeweza tena kuiona kamwe.

"Hapana," Subilaga alisema. "Samahani, Mama Tumpe. Siye."

Akawaeleza: kovu la unyusi, masikio, jino, miguu. Alivyoendelea, Sekela alipeleka kidole kwenye unyusi wake mwenyewe akakipitisha polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Lakini tulifumba macho!" alisema Gwakisa.

"Mlifumba. Ila hamkuacha kumkumbuka. Pengine mlivyojizuia ndivyo mlivyomkumbuka zaidi."

"Basi Mama Tumpe asije, sisi tubaki," ilisema sauti kutoka nyuma. "Sisi tumeridhika."

Subilaga alimgeukia mzee. Hakupenda alichotaka kufanya. "Baba, mkeo alikuwa mrefu au mfupi?"

Baba Anyosisye alifungua kinywa. Akatazama majirani zake, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba jibu lilikuwa kwao. Mkono wake ulipanda hewani kuonyesha kimo cha mtu, ukasita usawa wa bega, ukashuka, ukapanda tena.

"Usiniulize hilo, mwanangu," alisema hatimaye. "Tafadhali."

Hakuuliza tena. Gwakisa mwenyewe ndiye aliyekunja pazia, na jioni ile alimwaga debe lake katika pipa la majani ya mashina mengine, akayachanganya kwa mikono mitupu mpaka kalamu ya Subilaga ikaanza kukimbiza rangi. Hakumtazama alipokuwa akifanya hivyo. Subilaga alibandika mkanda kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akatoka kwenye ukungu, na alipofika kona akasimama akalia kidogo, akiwa amesimama kama mtu anayesubiri kuvuka barabara.

*

Watu wa Ndulilo waliacha kumsalimia. Alitarajia hivyo. Ni Baba Anyosisye tu aliyemwita siku moja sokoni, kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, akamwambia kwamba anakunywa ile iliyochanganywa na bado anatembea.

"Ila njiani hakuna anayenisalimia," alisema. "Kijiji ni kitupu. Nimefika hadi juu, nikarudi." Alifikiri kidogo. "Mke wangu nilimwona kwa mbali, juzi. Ni mfupi."

"Unamfahamu?"

"Sijui. Nitamwangalia tena."

Masika yalipita. Kihwele aliandaa marekebisho ya sheria ndogo, madiwani wakabishana, ikabaki ilivyokuwa. Duka la Gwakisa liliendelea kuuza sabuni na mashati.

Jumapili moja Sekela alikuja nyumbani kwa Subilaga. Alikaa barazani bila kuvua mtandio, akakataa chai ya aina yoyote, akacheka mwenyewe kwa kukataa kwake.

"Mimi nikilala sasa simwoti," alisema. "Naota nafua. Naota natafuta kandambili. Nimekuja unieleze ulivyomwona ile siku tulipokuwa wawili."

Subilaga alimweleza taratibu. Ndoo kubwa, masikio, kovu, jino lililoota nusu. Vidole vinavyotazamana. Sekela alisikiliza amefumba macho, akiitikia kwa kichwa kila alama ilipotajwa, kama mtu anayepokea vitu vyake kimoja kimoja.

"Halafu akanisalimia," Subilaga aliendelea. "Aliniamkia vizuri, akiwa ametulia. Alikuwa mtoto mpole sana."

Sekela alifumbua macho. "Mpole?"

"Sana."

"Tumpe?"

"Ndivyo nilivyomwona."

"Tumpe akuamkie? Mgeni?" Sekela alikuwa amesimama, mtandio umeshuka mabegani. "Mtoto yule hakuwa mpole hata siku moja! Mgeni akija alikuwa anaingia chini ya kitanda mpaka tumvute mguu, na ukimvuta anakung'ata. Nilimfanya mpole mimi mwenyewe, huko huko ndotoni, wala sikuona." Aliweka mikono kiunoni, akachomoza mdomo wa chini, akatupa kisogo nyuma. Na kwa kitambo kidogo pale barazani, kwenye mwanga wa kawaida wa mchana, Subilaga akaona sura ya mtoto ambaye hakumwona katika ndoto yoyote. "Anasimama hivi. Hivi! Unamwambia kaa, anasimama. Siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani, mbele ya kanisa zima, alimrushia katekista kiatu."

"Kiatu?"

"Cha kushoto."

Subilaga alivuta kigoda chake karibu.

"Kikampata?" aliuliza.